Mgeni Nusu

Benchi letu ni mlango mkuukuu uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi, mgongo wake ni ukuta wa duka langu la dawa, kwa hiyo hakuna upuuzi unaosemwa pale usiopitia dirishani kwangu kwanza. Jioni ile walikuwa watatu, kama kawaida. Wakili, ambaye hajawahi kuwa wakili bali alikuwa tarishi wa mahakama, na mpaka leo husema "kwa mujibu wa" hata akiomba sukari. Kinyozi, aliyekuwa amemwacha mteja kitini upande mmoja umenyolewa, mwingine bado. Na Marudio, fundi bomba, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila neno analolisikia hulirudia, ila likitoka kinywani mwake huwa limenenepa. Katikati yao chupa ya kahawa, kando yake redio. Chama cha mpira kilikuwa kimtangaze kocha mpya wa timu ya taifa jioni hiyo, baada ya taarifa ya habari, na jina lililokuwa likitajwa ni la mtu wa mtaa huu huu. Sisi tunamwita Kocha tu. Ndiye aliyewafundisha watoto wetu kupiga pasi kwenye uwanja wa shule, hadi akachukuliwa kumsaidia yule mzungu aliyekuwa akiifundisha timu ya taifa. Mzungu keshakwenda zake, katuachia aibu na deni la hoteli, na Kocha karudi kwa watoto wake uwanjani.

Ungedhani watu wangefurahi.

— Mimi sina neno naye, alianza Wakili. Ila timu ya taifa si timu ya mtaa. Wimbo wa taifa ukipigwa, midomo ya kocha inatakiwa icheze yenyewe, bila kuamriwa. Ndivyo sheria inavyosema.

Nikamuuliza kupitia dirishani ni sheria ipi hiyo. Akasema ipo.

Kinyozi akapiga funda la kahawa, akatoa neno ambalo, nina hakika, alilitoa ili tu asikae kimya.

— Lakini yule si alikuja hapa mgongoni mwa mama yake mkubwa? Pengine alizaliwa ng'ambo ya mto.

— Kumbe kazaliwa ng'ambo ya mto, alisema Marudio. Kwa hao hao tunaocheza nao mwezi ujao.

Lile "pengine" likawa limeanguka njiani, na hakuna aliyeinama kuliokota.

Kuanzia hapo kila mmoja alitaka kumzidi mwenzake. Kinyozi aliona kabisa, kana kwamba mechi inachezwa mbele yake, jinsi Kocha atakavyopiga kelele kwa lugha ya huko: mabeki wetu watasimama kama vigingi, na washambuliaji wao watamwelewa vizuri. Marudio akakumbuka kwamba ndiyo maana tulifungwa nao mara iliyopita. Nikamwambia kuwa mara iliyopita Kocha alikuwa na kazi ya kupanga koni za mazoezi. Akauliza, na alizipanga zikielekea wapi? Wakili akashauri mke wa Kocha aapishwe, aseme mumewe huota kwa lugha gani, kwa sababu mtu anaweza kudanganya akiwa macho lakini usingizini kila mtu hurudi kwao. Mwishowe Kinyozi, anayejiona mpatanishi, akapendekeza kipindi cha kwanza afundishe mzawa halisi, cha pili afundishe Kocha, ila askari asimame nyuma yake.

Mimi huwa najiwekea ahadi ya kunyamaza. Huwa siitimizi.

— Na yule mzungu? Mbona yeye hamkumuuliza anaota kwa lugha gani?

Wakili alinitazama kwa huruma ambayo wanaume wa kijiweni huwawekea wanawake waliosoma.

— Dada yangu, yule alikuwa mgeni kamili. Mgeni kamili hana shida, unajua umwekee kiti wapi. Shida ni mgeni nusu. Ndiyo maana wahenga wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nilimwambia kwamba methali hiyo inasema kinyume kabisa cha anachokitaka. Akanijibu kuwa methali ni kama kesi, inategemea nani anaisimamia.

— Na mkataa kwao mtumwa, akachomekea Marudio.

— Nani kakataa kwao? niliuliza. Nyinyi mnajua kwao ni wapi?

— Si ng'ambo ya mto? alijibu Marudio. Kinyozi ndiye aliyesema.

— Mimi nimesikia kwako, alisema Kinyozi.

— Basi mashahidi wawili, alisema Wakili. Imethibitika.

Sasa, kijiwe hiki kina desturi yake. Mjadala ukiiva, Wakili hupiga simu kwenye kipindi cha michezo na kusoma uamuzi "kwa niaba ya wakazi". Kwa kawaida ni mambo ya mwamuzi kipofu au kipa mwenye mikono ya siagi, na hakuna anayedhurika. Nilipoona anaitafuta namba nikatoka mbio, chupa ya dawa ya kikohozi ya mteja ikiwa bado mkononi. Nilichelewa. Sauti yake ilikuwa tayari inatoka mara mbili, kwanza mdomoni, kisha redioni: kwamba sisi majirani, tuliomwona mheshimiwa akikua, tunathibitisha ni mzaliwa wa ng'ambo ya mto. Kwamba hatumchukii. Tunathibitisha tu. Mtangazaji akauliza kama wana uhakika, na wote watatu wakaitikia ndiyo.

Taarifa ya habari ilipokwisha, likasomwa tangazo fupi. Chama kimeahirisha uteuzi wa kocha hadi asili yake ithibitike.

Wakili akatabasamu kwa kuwa amesikilizwa. Kisha tabasamu likamkwama. Kinyozi akasema ngoja akammalizie mteja wake, lakini hakuinuka. Marudio hakurudia kitu.

Tulikuwa katika hali hiyo Kocha alipotokea kwa miguu, na nguo zake za mazoezi, filimbi shingoni. Hajawahi kukaa kwenye benchi lile, saa zile siku zote huwa uwanjani na watoto. Nilijiandaa kusikia matusi, na nilikuwa tayari kuyaunga mkono.

— Shikamooni, wazee wangu.

Wakamwitikia chini chini. Akaeleza kwamba chama kimempigia simu. Kinamtaka kesho asubuhi akaseme alizaliwa wapi, na asipoweza, kazi inakwenda kwa mwingine. Wakili akakohoa, akaanza jambo kuhusu uhuru wa maoni kwa mujibu wa katiba. Kocha akainua kiganja taratibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotutisha.

— Sikuja kugombana. Mama mkubwa ndiye aliyenilea. Kila nilipomuuliza alisema, ukikua nitakwambia. Nilikua, hakuniambia, na mwaka jana mlinisaidia kumzika. Mimi sijui nilizaliwa wapi. Simjui hata mama aliyenizaa. Leo niko na watoto uwanjani, nasikia redioni kwamba nyinyi mnajua.

Akawatazama mmoja mmoja, na usoni mwake mlikuwa na matumaini. Mimi niliyaona, na sitaki kuyaona tena.

— Ng'ambo ya mto, kijiji gani?

Kinyozi akamtazama Marudio. Marudio akamtazama Wakili. Wakili akaitazama simu yake, kana kwamba kuna mtu atakayempigia kumwambia. 

Kwa aibu, mmoja wao akasogea kidogo. Kocha akadhani anapishwa kwa sababu habari yenyewe ni ndefu. Akashukuru, akakaa kwenye ile nafasi, akaweka mikono magotini, akasubiri.