Zamu ya Gaspard Nilipewa Mimi

Bwana apewe sifa zote, ndugu zangu! Nimesimama mbele yenu na mtoto huyu mgongoni, na moyo wangu unarukaruka kwa furaha. Mchungaji ameniomba niseme kwa kifupi. Nitajitahidi, lakini nikizidisha mnivumilie, maana mambo aliyonitendea Mungu siwezi kuyapitia mbiombio.

Jina langu ni Anastazia, na wengi mnaniita Mama Yusta. Mimi ni Muha wa Kasulu, Tanzania. Mume wangu Sosteni ni Mnyarwanda, dereva wa lori, na tunakaa kule Gahanga, pembeni mwa mji huu, tulikopata kiwanja na shamba dogo la maharage.

Kwetu Kasulu nilikua nikijua kwamba hospitali ni ya serikali na matibabu ni bure. Ukiumwa unakwenda, unapanga foleni, unatibiwa. Nilipovunjika mkono nikiwa msichana, waliniunga vizuri na hakuna aliyemdai baba chochote. Lakini dada yangu alipopata uchungu wa kuzaa, zahanati ya kijijini ilisema apelekwe wilayani akapasuliwe. Gari la wagonjwa lilikuwepo, tuliliona kwa macho yetu, ila halikuwa na mafuta. Dada yangu alifia kwenye benchi la zahanati, mtoto wake akiwa tumboni. Aliitwa Yusta. Ndiyo sababu binti yangu wa kwanza nikampa jina hilo.

Nilipoolewa tuliishi Bujumbura. Kule familia ilinunua kadi ya matibabu mara moja kwa mwaka, na mwenye kadi alipokelewa kituoni. Yusta wangu alipougua malaria nilikwenda na kadi yangu, wakampokea. Dawa zikiwepo, ilikuwa raha. Zikiisha, unaipeleka kadi yako nyumbani na mgonjwa wako unampeleka duka la dawa.

Halafu tukahamia hapa Kigali. Ndugu zangu, hapa nilikuta jambo lingine. Hapa unalipa kila unapoingia, na mgonjwa wa kupasuliwa lazima atangulize malipo. Nilimuuliza jirani yangu Consolata, "Sasa maskini anafanyaje?" Akacheka, akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kigali, "Iko ngobyi."

Ingobyi ni machela ya kufumwa, inayobebwa mabegani. Lakini pale mtaani kwetu ingobyi ni watu pia. Kaya zimejiunga, wanaume wanabebana kwenda hospitali, na kila baada ya mavuno kaya inachangia kidogo kwenye sanduku la kuwalipia wagonjwa. Sanduku likishajaa kiasi, anatajwa mtu mmoja wa kutibiwa. Sisi tulikuwa wageni, hatujavuna hata mara moja, kwa hiyo hatukuwamo.

Mwaka huo wa 1992 aliyetajwa alikuwa Gaspard, mume wa Consolata. Gaspard ni mfyatua matofali. Alikuwa na ngiri, uvimbe mkubwa uliomnyima kazi, na watoto wake walikuwa wakila kwa vibarua vya mama yao. Walikuwa wameisubiri zamu yao muda mrefu sana. Ilibaki wiki hiyo tu apelekwe mjini.

Ndugu zangu, wiki hiyo ndiyo uchungu wangu ulianza.

Ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha, na Sosteni alikuwa safarini kuelekea Dar es Salaam. Consolata alinishika mkono hadi kituo cha afya. Muuguzi alinipima tumbo, akapima tena. Akaniambia, "Mama, mtoto amekingama tumboni. Hapa hawezi kutoka. Moyo wake bado nausikia unapiga, lakini lazima upasuliwe, leo hii."

Nilimuona dada yangu kwenye benchi. Nasema kweli mbele za Mungu, niliona zamu yangu ya kufa imefika. Nililala pale nikasema, "Bwana Yesu, sina mume karibu, sina ndugu, sina cha kutanguliza. Sina mtu hapa isipokuwa wewe." Sikuomba zaidi ya hapo. Maneno yaliniishia.

Consolata alikuwa ameshatoka mbio. Aliwakusanya watu wa ingobyi hapo nje, nami nilikuwa nawasikia kupitia dirisha. Wengine walikuwa na huruma lakini wakasema kweli: huyu mama si mwanachama, na kilichomo sandukuni ni cha Gaspard. Mmoja akasema, "Tutamubeba, iyo siyo shida. Lakini atafika uko, watamupasua na nini?"

Consolata akasema, "Na zamu yetu."

Nilisikia mtu akimuuliza kama mume wake anajua. Hapo ndipo sauti ya Gaspard ilisikika. Alikuwa amekuja polepole akijishika nyonga. Akasema, "Mimi niko na ugonjwa wa zamani. Mama uyu iko nakufa leo. Mumubebe."

Ndugu zangu, mimi nilisali kwamba sina mtu, na kumbe Bwana alikuwa ameshawasimamisha watu nje ya dirisha langu!

Walinibeba kwenye matope wakibadilishana mabega. Consolata alitembea kando yangu akiniambia, "Ihangane, mama, vumilia, tunafika." Kwenye kizuizi cha barabarani kilichowekwa kwa ajili ya vita, askari alifunua blanketi, akanitazama usoni, akatupisha. Huko mbele gari la mchanga lilisimama, likatuchukua sote mpaka mjini. Hospitalini Consolata alilipa dirishani kwa mkono wake mwenyewe, fedha za kumponya mume wake. Nikaingizwa chumba cha upasuaji.

Nilipozinduka nilisikia mtoto analia. Msichana, mzima kabisa! Ndiye huyu mnayemuona. Anaitwa Consolata, na mngempa jina gani lingine?

Lakini ushuhuda wangu haujaisha. Niliporudi nyumbani furaha ilikuwa nusu, kwa sababu Gaspard alizidiwa. Ule uvimbe ulimlaza kitandani. Sanduku lilikuwa tupu, na mavuno yalikuwa mbali. Consolata aliendelea kuniletea uji kila asubuhi kama vile hakuna kilichotokea, nami nilishindwa kuumeza. Nilikuwa namlilia Mungu, "Umenipa uzima wangu, usiuchukue wa huyu."

Sosteni akarudi kutoka safarini. Nilimsimulia yote hata kabla hajavua viatu. Akasema, "Mama Yusta, kwenu si wanapasua bure?"

Nilipiga kelele nikamuamsha mtoto! Jambo lilikuwa mdomoni mwangu siku zote na sikuliona. Lori lilikuwa linarudi Dar es Salaam. Tulimlaza Gaspard nyuma ya kiti cha dereva, mimi na mtoto na Consolata tukabanana mbele, tukavuka mpaka wa Tanzania pale Rusumo. Ng'ambo ya mpaka tukaenda hospitali ya wilaya. Niliogopa watamkataa kwa kuwa si raia. Daktari alimtazama Gaspard, akaniuliza mimi niliyekuwa nikitafsiri, "Huyu ni nani kwako?"

Nikasema, "Ni mtu aliyenipa zamu yake."

Nikamweleza kwa ufupi. Daktari akasema, "Mimi nina mikono, mama. Glavu sina, nyuzi sina, dawa ya usingizi ninayo kidogo. Mkivipata hivyo vingine, nitampasua kesho." Matibabu ni bure, kama nilivyokua nikijua, na stoo ni tupu, kama nilivyokua nikijua. Sosteni alizunguka maduka yote ya dawa ya pale mjini mpaka akavipata. Kesho yake Gaspard akapasuliwa, akapona.

Mimi si mtu wa serikali, ndugu zangu. Sijui ni nchi gani imepata njia iliyo bora. Nimeona bure isiyo na mafuta ya gari, nimeona kadi isiyo na dawa, nimeona dirisha la kulipia linalomngoja mgonjwa. Ninachojua ni kwamba kila mahali pengo lilipokuwa, Mungu alimweka mtu pale. Asifiwe yeye!

Gaspard amerudi kwenye matofali yake. Siku hizi sanduku letu linawapokea wageni tangu siku wanapohamia, kabla hawajavuna. Juzi tulimbeba mama mmoja aliyekimbia vita kule kaskazini. Hakuna aliyeuliza kama ni mwanachama.

Basi wewe uliye na mgonjwa nyumbani, uliyezoea kulala ukisema huna mtu, mwite Bwana leo. Ukishamwita, usijifungie ndani. Fungua mlango, uwaambie majirani. Consolata ameketi pale nyuma, yule mwenye kitambaa cha njano kichwani, na mume wake kando yake. Anza na hao.