Mzee Kijiko Anaagwa Bila Keki

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa mashine za uchapaji anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Hapa kiwandani wengi hawalijui jina lake la kwenye kitambulisho. Tunamwita Mzee Kijiko, kwa sababu chai yake, wanasema wenye utani, lazima iwe na sukari ya kusimamisha kijiko.

Alianza akiwa kijana wa kufuta wino kwenye rola. Baada ya miaka michache aliweza kusikia karatasi inataka kukwama kabla haijakwama, akaizima mashine huku bado anacheka na mtu. Ndiye aliyemtuliza mteja aliyewaka kama moto wa kifuu pale kalenda zake zilipotoka na Februari yenye siku thelathini. Mzee alimwambia ashukuru, maana wenzake wanalilia siku, yeye kaongezewa bure. Kalenda zilichapwa upya, na mteja yule hajahama kiwanda mpaka leo. Karibu kila fundi wa mashine tuliye naye sasa amepita mikononi mwake.

Lakini alama kubwa aliyotuachia ni kulishana. Mfagizi wetu wa zamani alipostaafu, hakuna aliyekumbuka hata kumpa mkono. Mzee Kijiko alitoka mbio, akanunua keki, akamlisha kipande kwa mkono wake mbele yetu sote. Mama yule alilia. Tangu siku hiyo kila anayestaafu hulishwa na mkuu wa kila sehemu: stoo, usanifu, kukata karatasi, sisi wa kujalidi vitabu, hadi uhasibu. Na kwa kuwa hakuna sehemu inayokubali kushindwa, keki moja ikazaa tano, ikaja nyama na mafuta yake yanayoganda kwenye sahani, kreti za soda kwa watoto wetu, bia kwa vijana. Kila umri ukapata fungu lake. Watoto hushindana nani atamaliza chupa nyingi, nasi tunawapigia makofi.

Mwaka jana tulimlisha mtunza stoo. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na sote tulijua. Alikula cha kila sehemu huku akicheka, maana kukataa mkono wa mwenzako ni kuondoka na kinyongo. Siku ya tatu alizimia, na hakuamka tena. Mzee Kijiko alimzika rafiki yake, akarudi kwenye mashine, na kwa wiki nzima hakumtania mtu.

Sasa ni zamu yake, na niseme wazi: ninaogopa. Miezi miwili iliyopita alianguka kando ya mashine. Hospitalini walikuta sukari na presha vyote viko juu. Siku hizi huja kazini na kiatu mguu mmoja na ndala mguu wa pili, kwa ajili ya kidonda cha kidoleni kisichotaka kupona, na daktari ameshataja kukata. Mkewe, shemeji yetu, alikuja kuniona mimi, mkuu wa kujalidi. Alisema kila akifungua sanduku la spana la mumewe anakuta biskuti. Mjukuu wao wa darasa la nne humsaidia babu kuzimaliza, na muuguzi wa shule ameshaita wazazi kuhusu uzito wake. Kijana wao mkubwa naye, jioni ikiingia, baa ndiyo nyumbani kwake. Shemeji alisema anawaangalia watu wake mezani na hajui amlilie yupi kwanza.

Mwenyewe ukimgusia, anajibu, "Mtu hafi kwa kushiba. Mambo haya niliyaanzisha mwenyewe, leo niyakimbie?" Hapo hatanii. Ameapa atakula cha kila mkono.

Basi wakuu wa sehemu tumekutana, na hakuna mkono utakaomlisha. Ukumbini hakutakuwa na keki, nyama ya mafuta wala chupa, si kwake, si kwa watoto, si kwetu. Kila sehemu itakuja kukushika mkono, Mzee, na kukuambia lililo moyoni. Tunajua utanuna. Huenda ukatoka bila kuaga, na hilo nalo tunaliogopa, kwa sababu hapa hakuna tunayempenda kama wewe.

Ahsante kwa mashine ulizozitunza, kwa vijana uliowapa ufundi, na kwa mfagizi aliyeagwa kama binadamu. Nuna upendavyo. Tutakuja nyumbani kukuomba radhi mwakani, na mwaka wa pili yake, ilmradi tukukute. Tunakutakia maisha mema, na kabla ya mema, maisha yenyewe.