Mita Zilizopita Mikononi mwa Gershom Kapasa Chibuye, 1957–2022

Marehemu Gershom Kapasa Chibuye alizaliwa tarehe 11 Machi 1957 katika kijiji cha Chitundu, Luwingu, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Daniel Chibuye, mchimbaji wa shaba, na mkewe, Mama Kapasa. Kwetu mama huitwa kwa jina la kifungua mimba wake. Mama yetu alizaa watoto wanne, akaitwa Mama Kapasa mpaka anaingia kaburini. Mimi, Sampa, ndiye niliyemfuata marehemu, na hakuna aliyewahi kumwita Mama Sampa, hata kwa kukosea. Nililisema hilo juzi mbele ya wazee waliponiteua kusoma wasifu huu, nikitumaini watanibadilisha. Shangazi Eufrazia akanijibu, "Ndiyo maana tumekuteua. Wengine watamsifu tu. Wewe umemchungulia tangu utotoni, hakuna usichokijua."

Alianza masomo Wusakile, Kitwe, mwaka 1964, mwaka nchi ilipopata uhuru. Alikuwa wa kwanza darasani karibu kila muhula. Mimi nilipoingia shule hiyohiyo, mwalimu mkuu alinitazama kutoka juu hadi chini, akauliza, "Wewe ndiye mdogo wake Kapasa? Haya, tutaona." Wakaona. Nilikuwa wa saba, na wa saba darasani si haba, lakini nyumbani kwetu ilihesabiwa kama msiba. Marehemu alimaliza sekondari mwaka 1975, na mwaka uliofuata mgodi ukamchukua kusomea ufundi wa vipimo. Nilimfuata huko pia mwaka 1979, maana sikutaka aseme kwamba nimemwachia uwanja.

Kwa wasioijua kazi yetu, naieleza kwa ufupi. Fundi umeme hupima nyaya kwa mita. Mita ikiugua, inaletwa kwetu. Mlangoni mwa kila mita pana vijidude vya ulinzi, vidogo kama punje ya mtama, ambavyo umeme mkali ukiingia kwa bahati mbaya huumeza na kuutupa ardhini ili mita isiungue. Shida ni kwamba vilinzi hivyo vikishapigwa mara nyingi huanza kuvuja. Havifi. Mita inawaka vizuri, namba zinasomeka, na kila namba ni uongo. Fundi asiyejua atabadilisha kila kitu ndani, akiacha kilekile kilichowekwa kulinda. Marehemu alikuwa bingwa wa kuvinasa. Angeinua mguu mmoja tu wa kijidude kutoka kwenye sakiti, na kama uongo ulikoma, mwizi amepatikana.

Nitatoa mfano, na mfano wenyewe unanihusu. Mwaka 1983 nililetewa mita ya idara ya mashine inayowashusha wachimbaji shimoni. Nikakuta vilinzi vinavuja, nikavitoa, nikaweka vilinzi vingine, diodi mpya za kioo, safi, zinazopitisha mwanga. Nilipowasha, mita ilionyesha umeme hata pasipo waya wowote. Nikazitoa, nikaweka nyingine. Uongo uleule. Niliendelea hivyo juma zima, taa ya mezani ikinichoma kisogo, na karakana nzima ikinipitia kama vile wanakuja kuazima bisibisi. Marehemu akaja na kikombe chake cha munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, akasimama kidogo, akanyoosha mkono na kuzima taa. Namba zikashuka hadi sifuri.

"Diodi za kioo zinauona mwanga, mdogo wangu," alisema. "Zikiuona, zinazaa umeme wao. Ungefunga kifuniko tu, Jumatatu ungekuwa umeshakwenda nyumbani."

Waliocheka siku hiyo wengine wapo hapa leo, nawaona. Marehemu mwenyewe hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Badala yake alikaa nami akanionyesha jinsi ya kuchukua transista ndogo nyeusi, kukata mguu mmoja, na kutumia miwili iliyobaki kama kilinzi. Haioni mwanga, na haivuji kama diodi za kawaida. Akaniambia pia ninawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa sakiti, kwa sababu nilikuwa nikila nshima, ugali wetu, na mboga ya karanga kisha narudi mezani, na mafuta ya vidole huvujisha umeme vilevile. Alikuwa sahihi katika yote mawili. Angekosea hata moja, ningempenda kwa urahisi zaidi.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Rhoda Ng'andwe, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyemwona kwanza, na mimi ndiye niliyemwonyesha kaka yangu kwa kidole, nikitaka anisifu kwa kuwa na jicho zuri. Alinisifu, kisha akatuma mshenga. Siku ukoo wa Rhoda ulipokuja kutuonyesha moto, yaani kumletea bwana harusi vyakula vya kwao kama ilivyo desturi, na masufuria yakafunuliwa moja baada ya jingine, kuku, uyoga, maharage, samaki wa Bangweulu, mimi nilikula vyote bila kusikia ladha. Nilimwambia Shemeji Rhoda haya jana mchana tukiwa msibani, ili asishtuke yakisomwa.

Akasema, "Shemeji, siku ile ulirudia sahani tatu. Kama hiyo ndiyo huzuni, basi ukifurahi utatumaliza."

Ndoa yao ilidumu kwa amani, na Mungu akawajalia watoto watatu. Nami nilimpata Bernadeta wangu, wala sijuti, lakini lililo kweli liandikwe.

Mgodi ulipouzwa na wafanyakazi kupunguzwa, mwaka 1999, tulifungua duka letu mtaani Buchi. Marehemu alichora kibao mwenyewe: CHIBUYE NA NDUGU, TUNATENGENEZA VIPIMO. Ndugu ni mimi. Miaka yote ile wateja waliingia, wakanikuta mezani na chuma cha kulehemu mkononi, wakaniuliza, "Mwenyewe yupo?" Watu walitoka Mufulira, walitoka Chingola, walitoka hata ng'ambo ya mpaka, Lubumbashi, wakipita maduka mengine ili mita zao ziguswe na Kapasa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilingoja sana alitie maji. Hakulitia.

Mwaka 2009 aligunduliwa kuwa na kisukari. Alikichukulia kwa subira, akaacha soda na mikate mitamu, ingawa munkoyo hakuuacha. Mwaka 2018 macho yake yalianza kuingia ukungu. Septemba ya mwaka huo alichoma kidole badala ya sakiti, akarudia kukichoma palepale, kisha akakiweka chuma chini taratibu. Aliniomba jambo moja, kwamba watu wasijue. Tukatundika pazia katikati ya duka. Yeye akawa anakaa mbele kupokea mita, akiipapasa na kuuliza maswali, "Inadanganya kwenda juu au kwenda chini? Asubuhi au mchana?" Mimi nikawa nyuma ya pazia na chuma changu. Mita ikipona, aliirudisha kwa mkono wake, na shukrani ziliishia mbele ya pazia. Nilizisikia zote. Pazia lenyewe lilikuwa kitenge chepesi.

Mwaka jana Injinia Mwila, mhandisi wa moja ya migodi yetu, alileta mita ya kupimia kebo za chini ya ardhi. Asubuhi ilisema kweli, ikifika saa sita inasema kebo zote ni nzima, hata mbovu. Mafundi wengine walimshauri anunue mpya. Marehemu aliipapasa, akasema hajui. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hajui, na nakiri ilinifurahisha. Nilichukua mashine ya kukaushia nywele ya Bernadeta nikaanza kupuliza joto sehemu moja moja. Vilinzi vya mlangoni vilikuwa vizima. Lakini chini ya kibati, mahali ambapo mchoro wa mita haukuonyesha kitu, palikuwa na kilinzi kingine, na hicho kilivuja kikipata joto tu. Nikainua mguu wake mmoja, uongo ukakoma. Nikaweka transista mbili nyeusi, nikasafisha kwa spiriti, nikafunga. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilipiga mluzi.

Mwezi Mei mwaka huu figo zilishindwa na marehemu akalazwa hospitalini hapa Kitwe. Katikati ya Juni Injinia Mwila alikuja kumwona, na machungwa mkononi. Wagonjwa wa wodi nzima wakisikia, alisema, "Baba, mita uliyonitengenezea imetukamatia kebo iliyooza kule chini. Vijana wangu wangekufa pale. Hata sijui nikushukuru vipi."

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda, nimeshika beseni. Nikamtazama kaka yangu. Nikangoja.

"Asante, mwanangu," akasema.

Mgeni alipoondoka niliweka beseni chini.

"Kaka, umeshindwa kusema?"

"Sikushindwa. Sikutaka."

"Mikono ni yangu."

"Najua ni yako. Macho yamekwenda, figo ndizo hizo, miguu naisikia kama ya mtu mwingine. Jina tu limebaki, na wewe unalitaka wiki hii hii?"

"Nalitaka."

"Una wivu, Sampa."

"Kwani nimeanza leo?"

Alicheka mpaka nesi akaja kutuonya. Nesi alipokwisha kupita, alinishika kiganja, akakipapasa kama alivyopapasa mita. Akasema, "Na mimi je? Nimekaa mbele ya pazia miaka yote hii nakusikia ukipiga mluzi kazi ikikubali. Mluzi ule ulikuwa wangu. Kuna siku nilitamani uunguze kitu, nikusikie ukilaani." Kisha akasema, "Nikiwa hai usiwaambie. Ukishanizika, waambie wote."

Marehemu alifariki dunia Ijumaa tarehe 8 Julai 2022, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Jana watani wetu Wangoni walifika msibani kama ilivyo haki yao. Bwana Jere alilala kifudifudi mlangoni akakataza watu wasipite. "Mla nyani mkubwa amekufa!" alisema, maana ndivyo wanavyotutania. "Sasa mita zetu apewe nani? Huyu Sampa? Huyu aliyeshindwa na taa?" Watu wakacheka, na ni vyema msiba ukicheka. Nilimjibu kwamba mla panya hana mita, ana mtego tu. Lakini moyoni nilikuwa natokota, maana jibu la kweli lilikuwa mdomoni na nilikuwa nimekatazwa. Ndiyo maana nilimwomba Shangazi wasifu huu usisomwe kanisani, na karatasi zisigawiwe, mpaka kaburi lifukiwe. Wengi mlinung'unika. Sasa mnajua sababu.

Udongo umejaa. Basi, kwa ruhusa yake, nawaambia wote. Kila mita iliyotoka dukani Buchi tangu Septemba 2018 niliitengeneza mimi. Injinia Mwila, ya kwako pia. Bwana Jere, ile uliyoileta mwaka juzi ukasema huitaki iguswe na mwingine ila Kapasa mwenyewe, hiyo pia.

Nilipoyaandika maneno hayo nilidhani roho yangu itatulia. Haikutulia. Nimegundua kwamba nyinyi kujua ni jambo dogo. Nilitaka yeye awepo mkinipongeza. Nilitaka akae pale mbele, kwenye kiti cha mwenye duka, asikie watu wakiniita fundi, akune kidevu, na wivu umshike kidogo, kama mimi ulivyonishika maisha yangu yote. Ameondoka siku ileile niliyopewa zamu. Kaka, hata kwa hili umenishinda.

Marehemu ameacha mjane, Rhoda, watoto watatu, Mubanga, Chisanga na Kunda, wajukuu watano, shangazi yake, Eufrazia, dada zake wawili, Monde na Kasonde, na mdogo wake mmoja, Sampa, fundi.

Mungu ampokee, ampumzishe, na amrudishie macho.