Mama Devota, Aliyetuokoa na Albadiri Yetu Wenyewe

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Mama Devota Alfonsi, mkuu wa kitengo cha kompyuta, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2005. Aliajiriwa hapa Kilwa Masoko kama mpiga chapa, enzi korosho zote zikinunuliwa na serikali. Baadaye akaenda kusomea kompyuta Dar es Salaam, na shirika letu la korosho lilipobinafsishwa wengi waliondoka, akabaki yeye na mdomo wake. Mdomo huo tumeulalamikia sana. Laiti tungeusikiliza.

Wengine watamkumbuka kwa mtandao wa ofisi. Mimi nitamkumbuka kwa upumbavu wetu wa mwaka jana.

Zililetwa seva mpya nne. Mama Devota akaandaa utaratibu wa kuzisakinishia mfumo endeshi kupitia mtandao, zijiendeshe zenyewe bila mtu kubonyeza kitu, kisha akaenda Lindi kikazi. Huku nyuma zote zikagoma katikati, zikaandika kwamba hakuna diski. Basi, mabingwa wetu wakakaa kikao. Mashine imesema hakuna diski, kwa hiyo zimeibwa. Zimeibwa, kwa hiyo mwizi ni mlinzi, Mzee Abilahi wa Likawage, mtu ambaye hata maji ya mtungini huomba ruhusa kuyanywa. Akili hizo! Jafari wa ghalani akapendekeza Ijumaa isomwe albadiri, kile kisomo cha laana, mwizi aumbuke, na mzee afukuzwe kazi mara moja bila kungoja Ijumaa. Meneja akaafiki. Mzee wa watu akavuliwa koti la ulinzi, akakaa nje ya geti alilolilinda, analia. Hakuna aliyemfuata hata kumpa pole.

Mama Devota alirudi Alhamisi. Alipoambiwa alicheka kwanza, kisha akatutukana kistaarabu. Akawasha seva moja mbele yetu: kabla usakinishaji haujaanza, kadi inayosimamia diski ikazitaja zote kwenye skrini. Zilikuwepo. Macho tulikuwa nayo sote, aliyesoma hakuna. Akaeleza kwamba kilichokosekana ni draiva, kiprogramu kinachouwezesha usakinishaji kuitambua kadi ile. Akaiongeza kwenye faili za usakinishaji, akajaribu, ikagoma tena. Jafari akaguna kwa furaha, eti si alisema! Mama akaichunguza kadi upya, akaona draiva aliyoweka ni ya toleo la zamani, akaibadilisha. Diski zikaonekana, na seva zote nne zikamaliza kazi bila kuguswa.

Hapo ndipo mabingwa walipokumbuka jambo analolijua kila mtoto wa pwani: albadiri ya kumsingizia asiye na hatia humrudia aliyeisomesha. Loo! Jafari alikimbia kumzuia shehe aliyepangiwa kuisoma, kandambili moja ikabaki njiani. Mzee Abilahi akarudishiwa koti. Kuombwa radhi, mpaka leo bado.

Asante, Mama Devota, kwa kazi na kwa ukali. Rudi kwenu Newala kwa heri, mikorosho yako izae, na afya isikupungukie. Sisi tunabaki hapa tukijifunza kusoma skrini.

Wageni waalikwa wazingatie badiliko moja la ratiba ya sherehe ya kumuaga. Mstaafu amekataa kupokea zawadi yetu ya cherehani kutoka kwa meneja. Ataipokea kwa mkono wa Mzee Abilahi tu, na si kabla meneja na Jafari hawajasimama mbele ya watu wote na kumwomba mzee radhi. Viti vyao viwili tumeviweka mbele kabisa, karibu na kipaza sauti.