Papa Feruzi na Keki ya Maembe Makavu

Baada ya miaka ishirini na saba jikoni, Jumamosi tarehe 29 Machi 1986 raia Feruzi Asumani, mpishi mkuu wa hospitali yetu, anatundika aproni yake. Barua ya ofisi inamwita raia, kama sheria ya Zaire inavyotaka. Wodini na jikoni hana jina jingine ila Papa Feruzi.

Alizaliwa katika ukoo wa maseremala waliotoka Maniema. Baba yake alitaka ashike randa; yeye akashika mwiko. Aliingia kwetu mwaka 1959 kuosha masufuria, na miaka sita baadaye alikuwa akisonga bukari, ugali wetu, ya watu mia mbili bila donge hata moja. Vitamu hakuvijua. Vilimjia mwaka 1974, kwa sababu ya sahani iliyorudi imejaa.

Sahani ilikuwa ya Mulenga, dereva wa lori aliyekatwa mguu baada ya ajali. Siku nne aligeukia ukuta. Muuguzi wetu, Mama Mwape, alikirudisha chakula jinsi alivyokipeleka, na daktari alikwisha agiza ndugu wa mgonjwa waitwe. Papa Feruzi alipanda wodini mwenyewe, akaketi kando ya kitanda, akamuuliza angekula nini. Mulenga alijibu bado akitazama ukuta: mama yake, kule Kasomeno, alikuwa akimpikia keki ya maembe makavu.

Kesho yake, siku yake ya mapumziko, Papa Feruzi alizunguka soko la Katuba mpaka akayapata. Hakuwa ameoka keki maishani mwake. Alichanganya unga, mayai, sukari na vipande vya embe vikavu kama soli ya kiatu, akaweka sufuria juu ya mbabula, jiko la makaa, na makaa mengine juu ya kifuniko. Kilichotoka kilihitaji shoka. Alikipeleka hivyo hivyo.

Mulenga aliuma, akatafuna, akaacha.

“Papa, mulikamata muguu yangu. Sasa munataka na meno?”

Papa Feruzi alitamani sakafu immeze. Kisha Mulenga akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha. Papa Feruzi alimshika bega. Mwishowe mgonjwa akajifuta uso.

“Maembe ya kukauka banaitiaka mu mayi kwanza. Kesho nitakuonyesha.”

Alimwonyesha kweli. Mama Mwape alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi jikoni. Maembe yaliyolowa usiku kucha yakakatwa madogo madogo, na maji yake matamu yakakandiwa unga. Keki ikatoka laini, na Mulenga akala vipande viwili. Mwezi uliofuata alitoka kwa magongo yake. Leo ni fundi wa saa, baba wa watoto wanne.

Tangu hapo kila Ijumaa wagonjwa wamepata keki ya matunda makavu: maembe, ndizi, na zabibu zikipatikana. Miaka sukari ilipoadimika, ndizi zilizoanikwa juani ndizo zilizobeba utamu. Kila Ramadhani Papa Feruzi alioka akiwa amefunga, kwa hiyo kuonja alimwachia Mama Mwape, ambaye hakuwahi kuwa na hakika kabla ya kipande cha tatu.

Wapishi kumi na mmoja wamepita mikononi mwake. Ukifunua sufuria yake kabla ya wakati, ulifukuzwa jikoni mpaka kesho.

Siri moja tumeipata kwa mkewe, Mama Kulthumu: nyumbani Papa Feruzi hajawahi kuwasha moto hata wa chai. “Bantu yote ya lopitalo balishakula,” anasema juu ya hospitali yetu, “miye njo sijaonja.” Ameshatenga kiti chake cha kukalia akipikiwa.

Papa Feruzi, asante kwa kila sahani uliyotupakulia na kwa kila mgonjwa uliyemwinua. Mungu akujalie afya na miaka mirefu ya raha. Pumzika vema, lakini mpikie mama kwanza.