Yovita Alikuwa na Kwao

Padre, wanajumuiya, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, nanyi nyote mliokanyaga theluji asubuhi hii kuja kumsindikiza, familia inawasalimu, na kabla ya kusoma inawaomba mfungue ukurasa wa pili wa kijitabu mlichopewa mlangoni, pale palipoandikwa kwamba marehemu alikuwa yatima asiye na ndugu, mpakunje, kwa sababu si kweli. Aliyeiambia kamati ya mazishi maneno hayo ni mumewe, Gilbert, na ni yeye huyo aliyemwomba kaka yake mkubwa, Nahashon, asimame hapa aisome historia upya bila kumfichia chochote. Alisema ataketi mbele na kuinua uso hadi mwisho. Mnamwona wenyewe, ameshauinamisha.

Yovita Jenia alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 katika kijiji cha Golo Rentang, juu ya milima ya Manggarai, kisiwa cha Flores, nchini Indonesia, akiwa mtoto wa mwisho wa mzee Rofinus na mama Kristina, wakulima wa kahawa na mpunga. Ni kijiji cha baridi, ukungu wake unaingia hadi jikoni, kina nyumba kubwa ya duara inayotunza ngoma za ukoo, na mashamba yake ya mpunga yamegawanywa kutoka katikati kwenda nje kama utando wa buibui, kila familia na kipande chake. Huko mtoto akizaliwa, mtu husimama nje, akagonga ukuta na kuuliza kama aliyekuja ni wa ndani au wa nje, na akiwa msichana hujibiwa kwamba ni wa nje, maana ataolewa aende. Lakini wa nje si wa kutupwa. Ukoo unaomchukua sharti ufike, uketi katika nyumba ile ya ngoma, umwombe kwa wazazi wake, na uendelee kufika kwenye harusi na kwenye misiba, njia isiote nyasi. Sisi watu wa Bomet, huko Kenya, alikotoka Gilbert, hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo, maana kwetu pia haoi mtu kabla wazee hawajafika kwa wakwe, na ndiyo sababu aibu hii haina pa kujificha.

Alisoma shule ya msingi kijijini, akamaliza sekondari kwa masista mjini Ruteng mwaka 1996, akaingia utawa, na mwaka 2001 shirika lake likamleta Saint Paul, hapa Marekani, kusomea uuguzi. Mwaka 2003, kabla ya nadhiri za daima, aliaga shirika kwa amani na baraka zote, akaajiriwa katika nyumba ya wazee huko Golden Valley, alikokuwa akifanya kazi pia Gilbert, mwanafunzi wakati huo, mwembamba, mwenye maneno mengi. Wazee wa pale walimpenda Yovita kwa sababu alikuwa akiwatania, na alipoulizwa kama ameizoea baridi ya Minnesota, alijibu kwamba baridi anaijua tangu utotoni, tatizo la hii ni kwamba haioteshi kahawa.

Walifunga ndoa tarehe 21 Agosti 2004 mjini Minneapolis, na hapo ndipo Gilbert alipotenda lile lililotufikisha hapa. Wazee wa Bomet walipopiga simu kuuliza watafikaje kwa wakwe, Gilbert alipiga hesabu ya ndege, ya barabara ya milimani, ya ruhusa ambayo kazini asingepewa, na ya aibu ya kuonekana ameshindwa, akawaambia kwamba msichana hana baba wala mama wala ndugu, hakuna wa kumwendea. Wazee wakamhurumia, wakabariki ndoa kwenye simu. Mama Kristina kweli alikuwa amefariki. Mzee Rofinus alikuwa hai, ana nguvu zake, anaanika kahawa.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Jeptoo, aliyezaliwa mwaka 2006 na kupewa jina hilo kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa wageni, ingawa hata mmoja hakutoka upande wa mama yake, na Lenny, aliyezaliwa mwaka 2010. Yovita alijifunza Kiswahili kwa akina mama wa jumuiya, kwenye sufuria na kwenye sala, na Desemba 2008, katika ibada nyumbani kwa mwanajumuiya mmoja huko Oakdale, Mama Njeri alimwekea mkono kichwani, akamwombea kama yatima, akawaombea wazazi wake mapumziko ya milele. Kufikia siku hiyo Yovita alikuwa anaelewa neno yatima. Aliitikia amina pamoja na wengine, na walipofika kwenye gari alimwambia mumewe maneno ambayo Gilbert ameomba yasomwe kama yalivyosemwa: "Baba yangu amekunywa kahawa leo asubuhi."

Gilbert aliahidi kwamba watakwenda mwaka unaofuata na kwamba atawaeleza watu. Mwaka uliofuata ukaja na mambo yake, na uliofuata huo pia. Yovita hakumfedhehesha baba wa watoto wake mbele ya watu wake, bali alipotaka kuongea na kwao alishuka hadi kwenye gari, pale maegesho ya nyumba zao za kupanga New Hope, akawasha injini apate joto, akapiga simu, na Jeptoo mdogo kwenye kiti cha nyuma alikua akiamini kwamba ana babu anayeishi ndani ya gari.

Tarehe 9 Juni 2016 mzee Rofinus alifariki dunia. Mnajua desturi yetu hapa, mtu akifiwa nyumbani, jioni hiyo hiyo sebule yake hujaa, chai huchemka, chapati huletwa, na hatuondoki hadi tumwone amemeza kitu. Juma lile lile mwanajumuiya mwenzetu Chepkemoi alikuwa amefiwa na mama yake huko Kericho, jumuiya yote ikahamia kwake, na aliyesimama jikoni kwake siku mbili akikanda unga na kuosha vikombe vyetu alikuwa Yovita, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyempa pole, kwa kuwa baba yake tulikuwa tumekwisha kumzika kwa midomo yetu. Gilbert alikuwa sebuleni, akiongoza nyimbo. Anasema aliona mikono ya mkewe ikimpitishia chai, akaipokea, akanywa, na kwamba hadi leo hajui aliimezaje.

Yovita aligundulika kuwa na saratani mwezi Mei 2023, akatibiwa kwa ujasiri na utani wake ule ule, na akafariki Jumapili tarehe 2 Februari 2025, nyumbani, watoto wake wakiwa wamemshika miguu. Kamati ilipoketi kuandika historia yake, Gilbert aliulizwa habari za ukoo wa marehemu, akajibu yatima, mkewe akiwa hata hajazikwa. Jeptoo alikuwepo, akanyamaza, kwa sababu tangu Oktoba alikuwa akihangaikia viza ya kumleta kaka wa mama yake, na alitaka mlango ndio ujibu. Juzi Alhamisi, kamati ikiwa inagawana vijitabu, mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume mfupi wa makamo amekumbatia kitambaa cheusi cha kufumwa, mwenyekiti akauliza huyu ni nani, na Jeptoo, ambaye hukisikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, safari hii alijibu kwa Kiswahili: "Huyu ni mjomba. Mama ana watu." Mama Njeri alishika kichwa akasema, "Gilbert, kwa hivyo nilimwombea mzee wa watu kama marehemu, naye akiwa hai?"  Gilbert alipiga magoti palepale kwenye zulia, na shemeji yake akabaki amesimama kwa muda mrefu kabla ya kumwambia ainuke.

Kitambaa mnachokiona juu ya jeneza ndicho hicho. Kimefumwa Golo Rentang, na kwa desturi yao ni watu wa kwao tu wanaoweza kumfunika nacho. Julai, Mungu akipenda, Gilbert, watoto na wazee wawili kutoka Bomet watakwenda kuketi katika nyumba ya ngoma na kumwomba Yovita kwa wenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, majirani wa New Hope waliokuwa wakiondoa theluji mlangoni pake bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa Golden Valley waliobeba shifti zake.

Mjomba wa watoto yupo kiti cha mbele, kushoto, anaitwa Siprianus. Kabla hamjampa pole ya dada, familia inawaomba mpite mmoja mmoja mumshike mkono, mumpe kwanza pole ya baba yake, kwa kuwa imechelewa karibu miaka tisa, na Gilbert ndiye atakayetangulia.

Nawe Yovita, binti Rofinus, lala kwa amani, mtoto wa watu.