Gai Mathiang, Aliyeipiga Picha Imatong Akiwa Amechuchumaa

Wazee wetu, majirani, na nyote mliovuka daraja kuja hapa Gumbo, mimi ni Achai, dada wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitajitahidi sauti isinikatike njiani.

Gai alizaliwa Bor tarehe 14 Machi 1983, mtoto wa kwanza wa marehemu Mathiang na mama yetu Nyibol, aliyeketi hapa mbele, akafuatiwa na Akol, kisha mimi. Julai 1992, tukikimbia vita kupitia milima ya Imatong, mimi nikiwa mgongoni mwa mama, Gai alimkalisha Akol, mwenye miaka sita, nyuma ya jiwe kando ya kijito, akamwambia asitoke hapo mpaka arudi na maji, risasi zikaanza kulia, watu wakamsukuma Gai mbele, na Akol hatukumwona tena.

Alisoma shule ya msingi kambini Kakuma, akamaliza sekondari Kitale mwaka 2003, akajifunza upigaji picha huko huko, na tarehe 11 Februari 2006, amani ilipokuwa imetimiza mwaka, alirudi Juba na kufungua studio katika mtaa wa Juba Na Bari.

Januari 2008 Bwana Edrine, aliyetaka kujenga nyumba ya wageni Gilo, juu kule Imatong, alimpa kazi ya kupiga picha sehemu ambazo watalii wangependa kusimama na kamera zao, maporomoko, msitu wa mianzi, genge linalotazama kilele cha Kinyeti, na Gai alizipiga zote amechuchumaa. Bwana Edrine, uko hapa, unakumbuka ulivyolalamika, "Gai, hii picha iko chini sana, mugeni anataka mlima, hapana majani." Hukujua kwamba aliukumbuka mlima ule kwa kimo cha mtoto wa miaka tisa, na kwa kimo hicho alikuwa akilitafuta lile jiwe. Kila aliporudi, mama alipitisha kidole kwenye nyasi za kila picha, nami nilitoka nje, kwa sababu niliogopa siku kidole kitakaposimama.

Alifunga ndoa na Kiden tarehe 8 Desemba 2007, wakajaliwa Alek, na tarehe 3 Novemba 2009 mtoto wa kiume, aliyebatizwa Lino, lakini Gai alikataa katakata aitwe Akol, maana kwetu mtoto hupewa jina la ndugu pale tu mwenyewe akiwa amekufa.

Tarehe 2 Oktoba 2010 aliletwa hospitali kutoka mlimani akiwa na homa kali, hajitambui, na tarehe 6, saa nne asubuhi, alifariki bila kusema neno.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Juba Na Bari, wapiga picha wenzake, na Bwana Edrine kwa gari lake.

Juzi tulisafisha picha za mwisho zilizokuwa kwenye kamera. Zote amechuchumaa, isipokuwa moja, ya jiwe na kijito, ambayo aliipiga amesimama wima. Mama aliishika muda mrefu, kidole chake hakikutafuta kitu, akamwita mjukuu wake, Lino, kwa jina la Akol.

Picha hiyo iko kifuani pake. Kaka yangu, umemrudia, sasa pumzikeni wote wawili kwa amani.